Sababu ya Kuchukua Faili

Tarehe 2 Machi

Kaka,

Shikamoo. Mimi mzima. Chumba nilichopanga kina dirisha moja tu na linatazama ukuta, ila ukuta wenyewe ni msafi, nimeshauzoea. Kazi ipo. Huku watu wananenepa na kukonda kama kwingine, kwa hiyo fundi nguo halali njaa.

Namba yangu mpya ya simu sikupi, na usinune. Tangu yale maneno yaenee, simu ikilia tu moyo unaruka kama sindano iliyogonga kifungo. Barua inanifaa. Hakuna anayeweza kuidakia barua katikati ya sentensi.

Nina shida moja, nayo iko mezani pako hapo masjala ya hospitali. Daktari wa huku anataka kujua nilitibiwaje huko. Unajua ninaumwa nini. Mtaa mzima unajua, sembuse wewe. Kifafa. Nimeliandika na kalamu haikuvunjika. Miaka mitatu nilimeza dawa zangu kimya kimya, sikuanguka hata mara moja, na waliojua walikuwa watatu: daktari mzee, ambaye sasa ni marehemu na ana udhuru, nesi wa Chumba Namba Tisa, na Fundi Saa, niliyemwambia mwenyewe kwa sababu mtu hawezi kumwoa mwenzake gizani.

Mama yake aliposimama mlangoni kwetu na kuuliza kwa sauti ya mnadi kwa nini tulimficha, nilijua ni Fundi Saa aliyesema. Nikamrudishia pete, nikapanda basi. Akaniandikia akiapa kuwa si yeye. Yule bwana mdomo wake mzito kama kufuli la ghala, nawe unamjua, basi nikamwamini, ila nilikuwa nimeshafika huku. Amebaki nani? Kikulacho ki nguoni mwako. Nimemwandikia mganga mkuu malalamiko, kurasa tatu, nimemtaja nesi kwa cheo na chumba. Atafikishwa mbele ya kamati ya nidhamu.

Sasa nataka nakala ya faili langu lote, pamoja na ile kadi. Si wewe uliyetuchosha mezani miaka yote kwa hadithi ya kadi? Faili likitoka rafuni, kadi inakaa mahali pake: nani kachukua, tarehe, saa, sababu, sahihi. Hata mganga mkuu hapiti. Mama alikuwa akisema wewe ulizaliwa na kadi shingoni. Basi nataka kuiona ya kwangu. Nataka kuiona sahihi ya huyo nesi kwa macho yangu.

Daktari wa huku anasema ni haki yangu. Karatasi ni za hospitali, habari ni zangu. Nimeipenda sentensi hiyo, nimeichukua bila kusaini.

Mdogo wako,
Kitinda


Tarehe 9 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Tumefurahi kupata barua yako. Mama ameinusa kabla ya kunirudishia, akasema unakula vibaya. Sijui amelijuaje hilo kwenye karatasi.

Masjala iko vilevile. Rafu kumi na nane, feni moja inayozunguka ikijisikia, na dirisha ambalo watu hupenyeza kichwa kizima ili kuuliza jambo la sikio moja. Bado wananiita Makabrasha, hata wale nisiowajua. Juzi mzee mmoja alitaka faili la mkewe. Nikamwambia aje mwenyewe mkewe. Akasema, "Nimeishi naye miaka arobaini!" Nikamwambia, "Basi muulize, mzee wangu, anaongea." Akaenda akinilaani hadi getini.

Kuhusu faili lako. Mvua za mwezi uliopita zilipita darini, zikateremka kwenye namba za elfu nne, na wewe ni 4417. Tumehamishia mafaili koridoni kuyaanika. Lako limo humo, au halimo, nisikudanganye. Nipe muda.

Kuhusu kadi, mdogo wangu, kadi nayo si msahafu. Watu husahau kujaza. Wengine huandika kama kuku aliyekanyaga wino.

Na kuhusu huyo nesi, usimwendee mbio. Nimemjua miaka kumi na mmoja. Ni mkali, anaifokea hata mizani, lakini sijamsikia akitaja jina la mgonjwa, hata kantini ambako wengine hutaja kabla ya kuagiza chai. Huenda si yeye. Ungeandika kwamba unaondoa malalamiko, mambo yangepoa.

Halafu, nauliza tu: Fundi Saa ulimwambia lini hasa? Ni kabla ya mwezi wa kumi au baada? Si jambo kubwa. Nauliza tu.

Mama anakusalimu.

Kaka yako,
Makabrasha


Tarehe 15 Machi

Kaka,

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikimtafuta kaka yangu humo ndani.

Kadi si msahafu? Wewe? Si wewe uliyemrudisha daktari bingwa dirishani kwa sababu aliandika tarehe akaacha saa? Ulitusimulia kwa wiki nzima, kila siku ukiongeza aibu kwenye uso wake. Na malalamiko siondoi. Mvua gani hiyo inayojua kumlinda nesi?

Daktari hakuweza kungoja faili likauke. Alikuwa ameniuliza kama kuna dawa iliyowahi kunidhuru. Nikamwambia ipo moja, ya mwanzoni kabisa, nyeupe. Akacheka, akasema nyeupe ziko mia. Jina silikumbuki, nilikuwa kama mlevi siku zile. Hata zile zilizonifaa nilifungiwa kwenye vibahasha visivyo na jina, na sasa zimeniishia. Basi kanianzishia nyingine, nimenakili jina kwenye pakiti: karbamazepini. Leo siku ya saba. Mikono inawasha kidogo na midomo imekauka, lakini nashona makoti ya sufu, labda ni sufu.

Fundi Saa nilimwambia mwezi wa saba, siku aliyoleta pete, kabla hajaitoa mfukoni. Akasema, "Saa nyingi nzuri huwa na siku zake za kusimama," akaitoa. Kwa nini unauliza?

Kitinda


Tarehe 18 Machi

Kitinda,

Hii nampa dereva wa basi la asubuhi, nimemwapisha aifikishe mkononi mwako kabla hajala.

USIMEZE KIDONGE HICHO. Ukifika hapa acha kusoma, nenda kakitupe, kisha urudi.

Ndicho kile cheupe kilichokudhuru. Siku ya tisa ulitoka vipele kifuani na ndani ya mdomo, ukalazwa siku mbili wodi ya wanawake, kitanda cha dirishani, wakakibadilisha. Dawa iliyokufaa miaka yote mitatu ni fenobabito, kidonge kimoja jioni. Mwambie daktari hivyohivyo nilivyoandika. Nenda leo, usingoje kumaliza koti la mtu.

Faili bado halijapatikana.

Kaka yako


Tarehe 20 Machi

Kaka,

Dereva alinikuta na ndoo mkononi. Nilikwenda kwa daktari nikiwa na kanga ya nyumbani. Kanifunua kifua, kaniangalia mdomo, kaisimamisha dawa palepale. Amesema ningechelewa siku mbili hivi, ngozi ingenivuka kama kiazi kilichochemshwa, na kuna wasiorudi kutoka huko. Kwa hiyo umeniokoa. Nakushukuru, na naandika kwanza shukrani ili isije ikapotea kwenye yanayofuata.

Umejuaje?

Siku mbili zile nilizolazwa, mama alijua niko kwa shoga yangu tunashona sare za shule. Wewe pia ndivyo ulivyojua. Vile vipele sikumwonyesha mtu. Nilivaa mikono mirefu mwezi mzima, nawe ukanitania kwamba nimeokoka.

Faili halijapatikana, lakini wewe unajua hadi kitanda kilikuwa cha dirishani.

Kamati inakaa tarehe 26. Yule mama wa Chumba Namba Tisa ana siku sita. Niandikie barua moja ya kweli, kaka, hata ikiwa fupi.

Kitinda


Tarehe 23 Machi

Mdogo wangu,

Faili lako halikunyeshewa. Dari inavuja upande wa bohari. Masjala ni pakavu kama koo langu. Tangu barua yako ya kwanza, faili limekaa kwenye droo yangu chini ya magazeti ya zamani.

Mwezi wa kumi, tarehe 14, mkokoteni wa mafaili ulirudi kutoka kliniki. Nikawa nayapanga kwa namba kama siku zote, jicho likateleza, nikaona jina letu. Nikadhani ni mtu mwingine, nikaangalia tarehe ya kuzaliwa. Miaka ishirini na mbili nimeyabeba magonjwa ya watu kwapani bila kuyafungua. Siku hiyo nilikwenda nyuma ya rafu ya kumi na nane na mkate wangu wa mchana, nikalifungua. Dakika arobaini. Nilisoma kama mtu anayekula cha mwenzake, haraka na bila kuonja. Mkate niliurudisha nyumbani.

Na kabla ya kuondoka nalo rafuni, nilijaza kadi. Ndiyo. Mkono ulijaza wenyewe. Tarehe, saa saba na dakika tano, sahihi. Kwenye sababu kuna visanduku: daktari, mahakama, bima, nyingineyo. Nikatia alama kwenye nyingineyo, na mbele yake nikaandika "kaka". Sijui nani mwingine duniani ameiba akaacha jina na saa.

Jumamosi yake nilimkuta Fundi Saa kwa kinyozi. Nilingoja apakwe povu usoni ili asiweze kunijibu, huo ndio ushujaa wangu. Nikainama sikioni kwake nikamwambia kwamba, kama mwanamume kwa mwanamume, kuna jambo. Nilikuwa nanong'ona chini ya mlio wa mashine ya kinyozi, aliyekuwa akimnyoa mteja mwingine. Nilipofika kwenye neno lenyewe, kinyozi akazima mashine ili abadilishe meno. Neno likadondoka katika chumba kimya. Tulikuwa watu sita. Fundi Saa alifuta povu, akanitazama kwenye kioo, akasema, "Ahsante, shemeji." Mimi nikadhani nimemfumbua macho! Nikatembea kurudi nyumbani nikijisifu. Kumbe nilimpelekea habari aliyokuwa nayo tangu mwezi wa saba, na nikawapa wanne wasioihitaji. Mama yake aliipata kabla nywele za sakafuni hazijafagiliwa.

Nilijiambia nafanya haki: mficha maradhi, kifo humuumbua. Nimejiambia hivyo miezi mitano, na kila nikijiambia sauti inakuwa kama ya muuza dawa za mende. Ukweli ni mdogo zaidi na unanuka zaidi. Niliumia. Mimi niliyeshika mafaili ya mji mzima, nilikuwa sijui la mdogo wangu anayelala chumba cha pili. Umemwambia mtengeneza saa, mimi hukuniambia. Nikataka nami niwe mtu anayejua. Kujua bila kuonekana unajua, mdogo wangu, ni kama kiatu kipya kwenye boksi.

Ulipoandika kuhusu nesi, nilichukua kadi mpya tupu, nikaanza kunakili majina yote isipokuwa langu. Nilifika mstari wa sita. Wa saba ndio wangu. Nikakaa na kalamu hewani mpaka mtu wa dirishani akauliza kama nimekufa.

Faili nimempelekea mganga mkuu, atakutumia nakala kwa utaratibu, kila ukurasa. Kadi nimeirudisha mahali pake, hapa naambatanisha kivuli chake. Sahihi ya nesi haimo. Huyo hakuwahi hata kuligusa nje ya chumba chake, akilihitaji, hupelekewa.

Tarehe 26 nitakwenda kwenye kamati. Hawajaniita.

Sijui nimalizieje barua hii. Ningekuwa nasaini fomu ningejua.

Kaka yako


Tarehe 4 Aprili

Kwako fundi nguo,

Barua yako ya kuniomba radhi nimeipata. Mwandiko wako mzuri kuliko wa malalamiko. Kwenye malalamiko ulikandamiza kalamu hadi ukurasa wa pili ukatoboka. Najua kwa sababu walinisomea nikiwa nimesimama.

Wiki nne nilipangiwa chumba cha kuchemsha vifaa, nisionane na wagonjwa. Wanafunzi wangu wa unesi wakawa wananyamaza nikiingia. Mume wangu aliniuliza mara moja tu, "Lakini hukusema?" na mara moja ilitosha kunikosesha hamu ya kula naye. Yeye sijui nitamsamehe lini. Wewe ulikuwa mgonjwa wangu, na mgonjwa akiumia hupiga aliye karibu. Hilo nimesomea.

Kaka yako aliingia kabla sijafungua mdomo. Mwenyekiti akamwambia, "Makabrasha, faili liache mezani uende." Akasema, "Safari hii mimi ndiye faili." Watu walitaka kucheka, wakamwona uso wakaacha. Alisoma kadi yake mwenyewe, mstari wa saba, na kisanduku chake. Mganga mkuu akauliza kaka ni sababu gani. Akajibu, "Ndiyo hiyo, bwana mkubwa. Si sababu."

Hawakumfukuza. Wamempa onyo la mwisho na kumpeleka stoo ya mashuka. Huko hakuna siri, kuna madoa tu. Mimi nimerudi chumbani kwangu. Alinifuata koridoni kuniomba radhi, nikamwambia asimame mita moja, sijawa tayari. Bado hupita kila asubuhi na mkokoteni wake, hupima mita moja, husalimu, huenda.

Fenobabito usiiache ghafla hata ukijisikia mzima. Ndilo pekee ninalokudai.

Nesi, Chumba Namba Tisa


Tarehe 19 Aprili

Kaka,

Shikamoo.

Nakala ya faili imefika, kurasa thelathini na nne. Nilijifungia nikaisoma yote. Ajabu, nilidhani nitajisoma mimi, nikamkuta mwanamke mwingine wa miaka ishirini na sita, "amekuja peke yake", "anasema hana wa kumsindikiza". Imeandikwa mara tisa kwamba nimekuja peke yangu. Nilimhurumia. Nikafikiri, wewe uliyasoma hayo mara tisa, kisha ukaenda kwa kinyozi.

Sijakusamehe. Usiniulize lini, hata mimi naisubiri. Na wala sina haki ya kujiona bora, maana yule nesi nilimtendea ulichonitendea: nilichukua jina la mtu nikalipeleka mahali ambapo hakuwepo kujitetea. Wewe ulinong'ona, mimi niliandika kurasa tatu na muhuri. Tofauti yetu ni kwamba wewe ulikwenda kusimama mbele ya watu, mimi niliomba radhi kwa posta.

Sasa sikiliza.

Fundi Saa alikuja Jumapili. Aligonga, nikafungua nikiwa na pini mdomoni. Nilimuuliza kama alijua aliyesema. Akasema ndiyo, tangu siku ile kwenye kioo. Miezi sita! Nilimshuku yeye, nikamrudishia pete, mama yake akawa hamsemeshi, naye angeweza kujisafisha kwa neno moja. Nikamfokea: kwa nini hukuniambia? Akasema, "Mchumba ungepata mwingine. Kaka je, ungempata wapi?"

Nililia, nusura nimeze pini.

Tarehe 9 Mei tutakwenda kwa msajili wa ndoa wa huku. Mashahidi ni mwenye nyumba wangu na mwanamke tunayegawana cherehani. Mama yake hajui. Mama yetu hajui. Nitamwandikia mama mwenyewe baadaye, kwa maneno yangu, siku nitakayochagua mimi. Wewe hutakuwepo. Nimelifikiria hilo siku tano, nikaliandika na kulifuta, nikaliandika tena. Siwezi bado kukuona umesimama pale.

Lakini nakuambia. Yaliyomo kwenye faili uliyachukua. Hili nakupa mimi, kwa mkono wangu, ili uwe na kitu changu kimoja ulichopewa. Anayejua huko ni wewe tu. Likitoka, halitakuwa limepita kwa nesi.

Kitinda


Tarehe 24 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako nimeipokea mkononi, saa nne na robo asubuhi.

Mama ameuliza umeandika nini. Nimesema unatusalimu. Akaitazama bahasha, akauliza, kurasa nne za salamu tu?

Nimesema ndiyo, umetusalimu sana. Ameninunia tangu asubuhi, anasema kuna kitu namficha.

Kaka yako